Benzi ya Kazi

Mzee Lyatuu, mwenye kampuni ndogo ya kuuza samadi, alikuwa na Benzi ya zamani iliyong'aa kuliko akili yake. Dereva wake, Chambo, aliamriwa kuiendesha peku, asije akachafua zulia.

"Kesho mtu wa kodi anakuja," Lyatuu alifoka. "Gari liko kwa jina la kampuni. Akijua ni la starehe zangu, atanitoza kodi. Wewe mbumbumbu, mwonyeshe kwamba linabeba samadi!"

"Sawa, bosi."

Kesho yake afisa aliuliza, "Kweli hili linabeba samadi?"

"Kila siku!" Lyatuu alijibu.

Chambo akafungua milango. Magunia manne ya samadi mbichi yalikuwa yakichuruzika juu ya viti vyeupe vya ngozi.

"Usijali, bosi," Chambo alimnong'oneza. "Viatu nilivua."