Aliyemfundisha Mama Kutumia Simu

Wapendwa, leo nawaletea habari ya mama mmoja na mwanawe. Ni watu wa kutunga, kwa hiyo naomba msianze kugeuka kuangalia nani kakaa wapi.

Mwana alikuwa fundi simu. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi, na watu walivipita vibanda vingine vyote kumfuata yeye. Si kwa ufundi tu. Kwa upole. Mteja anauliza swali la ajabu, yeye anatabasamu. "Usijali, mteja wangu. Bonyeza hapa. Siyo hapo, hapa. Umeona? Haya, jaribu tena mwenyewe."

Jioni fundi huyu anarudi nyumbani, na nyumbani yupo mama yake. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndugu walikuwa wamechanga fedha za upasuaji, na fedha hizo zilikaa kwenye simu ya mama zikisubiri siku ya kwenda hospitali. Sasa niambieni, mtu anayeiona simu kama anaitazama kupitia moshi, atakuwa na maswali au hatakuwa nayo?

"Baba, hii ni sita au nane?"

"Mama, nilikwambia jana."

"Jana ilikuwa nyingine. Na hiki kinachowakawaka?"

"Achana nacho! Wewe jua kupokea na kukata, basi. Na usimsikilize mtu usiyemjua. Mengine niachie mimi."

"Na nikitaka kujua kama hela zangu zipo?"

"Zipo, mama! Zitaenda wapi? Zina miguu?"

Ndugu zangu, hapa uvumilivu wangu huisha. Mtu ni yule yule! Mdomo ni ule ule! Kutwa nzima anawabembeleza watu asiowajua hata majina, halafu aliyemzaa anabakiziwa makaripio. Tumwulize fundi, ule upole unaufungia kibandani pamoja na bisibisi?

Asubuhi moja meseji ikaingia kwenye simu ya mama. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, haisomeki. Akampigia mwanawe.

"Baba, kuna meseji imeingia, sasa sijui ina..."

"Mama, niko na mteja." Akakata.

Muda si mrefu simu ya mama ikaita. Akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje? Habari za nyumbani? Mimi ni kijana wako, natoka huduma kwa wateja. Kuna meseji tumekutumia, umeiona?"

"Imekuja, lakini macho yangu hayafai, mwanangu."

"Oh, pole sana, mama. Basi usihangaike. Tutafanya pamoja, taratibu. Ukikosea hakuna neno, tunaanza upya."

Na kweli mama akakosea. Wakaanza upya. Akakosea tena. Yule kijana akacheka, mama naye akacheka. "Unaenda vizuri, mama. Wengine huwa wananikatia simu." Akamwelekeza pa kubonyeza, akamtajia tarakimu moja moja, akamsubiri azitafute kwa kidole. Mwisho akamwambia, "Sasa weka namba yako ya siri. Mimi usinitajie, mama, hiyo ni yako mwenyewe." Mama akaiweka.

Jioni fundi alipofika, alimkuta mama yake amesimama mlangoni, uso unang'aa.

"Baba, leo nimejua kutumia simu!"

Mwana akaichukua ile simu, akaangalia salio. Hela za macho hazikuwepo.

"Mama! Si nilikukataza kumsikiliza mtu usiyemjua?"

"Ulinikataza."

"Sasa ulimsikiliza kwa nini?"

Mama akasema, "Nilidhani umemtuma wewe."

"Mimi? Nimtume nani?"

"Nilidhani umemlipa mtu aje kunifundisha, kwa kuwa wewe nimekuchosha."

Najua mnawaza nini. Mnawaza, tukifika nyumbani tuwakanye wazee wetu wasipokee simu za watu wasiowajua. Wakanyeni, ni vizuri. Lakini jamani, mama huyu alikwisha kukanywa! Makatazo alikuwa nayo tele. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye. Mwizi hakuvunja mlango wala dirisha. Alikuta nafasi ya mwana iko wazi, akaikalia.

Na sisi tusijifanye hatujui kuwa wapole. Tunajua sana! Mteja tunamjibu vizuri. Bosi tunamjibu haraka. Kwenye kundi la harusi ya mtu tusiyemfahamu tunaandika hongera na maua juu. Aliyetufundisha kushika kijiko, na chakula kikamwagika na akakizoa na tukaanza upya, huyo ndiye tunayemwambia, "Nilikwambia jana." Sisi tunaopiga magoti kila asubuhi na maombi yale yale ya jana na juzi, lini Mungu ametujibu hivyo?

Hivyo nawaomba, na nawaomba kwa upole ingawa mnaona nimekasirika: leo mkitoka hapa, nendeni mkakae nao. Mwache mzee ashike simu yake mwenyewe. Mwache akosee, mwache aulize la jana. Usimnyang'anye ili umalize upesi. Maana usipokaa naye wewe, kuna mtu mahali fulani ameshaipata namba yake, ana sauti nzuri, na huyo hana haraka kabisa.