Ukuta wa Makangaga

Mgane mmoja wa milima ya Taita, jina lake Mwachofi, alikuwa na chemchemi nyuma ya nyumba yake, na kando ya chemchemi ukuta wa mawe alioujenga mwenyewe mwaka alipomwoa Saru. Katika nyufa za ukuta ule yaliota makangaga, mimea ya kivulini isiyotoa maua wala mbegu, yenye majani kama manyoya ya ndege. Kila asubuhi Saru alichuma jani moja, akalilaza juu ya maji ya mtungi ili yasimwagike akipanda kilima. Maji ya nyumba ile yakawa na harufu ya majani hayo, na Mwachofi aliyanywa maisha yake yote ya ndoa bila kujua kwamba angekuja kuyatamani.

Saru alipofariki, makangaga yakaanza kupungua. Kangaga likizeeka hukauka, na jingine hushika nafasi yake. Haya hayakupata mengine ya kushika nafasi yake. Mwachofi alihuzunika kama mtu anayefiwa mara ya pili, akaamua kuutunza ukuta kama alivyoutunza marehemu. Alikumbuka vizuri: kila alipojaza mtungi, Saru alichota kata moja ya ziada akaurushia ukuta maji. Mke wangu alipenda usafi, alisema moyoni, alikuwa akiuosha. Basi akanunua brashi ya waya.

Alikung'uta vumbi la kahawia lililo chini ya majani yaliyosalia, maana kwa kangaga vumbi hilo ndilo lililo mahali pa mbegu, akalipuliza katika nyufa. Kisha akangoja. Kilichoota hakikuwa kangaga. Kilikuwa kitu cha kijani, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, chenye umbo la moyo, kimelala kifudifudi juu ya jiwe. Hakikuwa na shina, wala hakikuwa na jina. Mwachofi, aliyejua jina la kila mti wa shamba lake, alikiita ukoga, akakikwangua. Kila Jumamosi alikwangua, ili makangaga yakija yakute mahali safi.

Likabaki kangaga moja, nalo likaanza kugeuka rangi.

Ndipo Mghoi, mdogo wake Saru, alipokuja kumjulia hali. Alimkuta amepiga magoti, brashi mkononi. Kwanza akamtania, kwamba ukuta umetakata kuliko kola ya shati lake, na kwamba angejisugua mwenyewe kwa bidii hiyo angekwisha kupata mke. Mwachofi hakucheka. Akamweleza anachokingoja. Mghoi akainama, akavitazama vimoyo vichache vilivyoponea ndani ya ufa.

"Shemeji," akasema, "dada hakuwa akiuosha ukuta. Alikuwa akivinywesha hivi. Unachokikwangua ndicho unachokingoja."

Naye alisema kweli. Katika kimoyo kile mna kiume na kike, na kiume hakina njia ya kukifikia kike ila kuogelea. Pasipokuwa na maji, hata kidogo kama umande, vitakaa jirani hadi vife, na kangaga halitazaliwa.

Mwachofi aliiweka brashi chini. Akachota kata moja, akaurushia ukuta maji polepole, mkono wake ukifuata njia uliyozoea kupita mkono wa Saru.

Kangaga la mwisho lilikauka kabla ya vuli. Mvua zilipokwisha, chini ya kimoyo kimoja kilichokuwa kikinyauka palichomoza jani dogo lililojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mwachofi hakulichuma jani lile. Mwaka ule aliendelea kunywa maji yasiyo na harufu, na kila asubuhi akashuka na kata.

Ninyi mnaoyalilia mazuri yaliyokuwa nyumbani kwenu zamani, mkononi mmeshika kata au brashi?