Chui Aliyemvizia Namba Mia

Ninayo!
*Tupe!*
Ina manyoya!
*Tuishike!*
Ikiwang'ata je?
*Tutaing'ata na sisi!*

Haya, mmeitaka wenyewe. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, acha kutafuna. Sitaki kushindana na mdomo wako.

Hapo zamani wanyama wa Majabalini waliingiwa na kikohozi. Kikohozi gani hicho! Mtoto akiamka, kho kho kho. Akinywa maji, kho kho kho. Akicheka, kho kho kho, mpaka kucheka kwenyewe akaacha. Watoto wawili wa Ngiri walikuwa wamekwisha kufa. Na Siwema, binti wa pekee wa Pimbi, ilikuwa siku yake ya tisa hajala kitu cha maana.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo tu wa kwenye mawe, ukimtazama haraka utadhani sungura aliyekatwa masikio. Hana pembe, hana nguvu, hata mkia hana. Ana mdomo na ana akili. Basi.

Siku hiyo akaja Daktari Korongo, na miguu yake mirefu, na daftari kubwa kwapani. Wanyama wakamzunguka. "Dawa! Tupe dawa, Daktari!"

"Dawa sina," akasema Korongo.

"Sasa umekuja kufanya nini?" Ngiri akafoka. Alikuwa na uchungu, msimlaumu.

"Nimekuja kuuliza. Nikimpima mmoja, nitajua habari za mmoja. Nikiwapima mia, wagonjwa na wazima, nitajua kikohozi kinatoka wapi. Nataka kujua unakula nini, unakunywa wapi, unalalia nini, unaumwa wapi. Asiyetaka asije, halazimishwi mtu. Na jina lako haliandikwi. Utapewa namba, na ukurasa wako ni wako, hasomewi mwingine yeyote."

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Pofu, yule swala mkubwa, akanong'ona, "Na wakijua nina minyoo?" Nungunungu akanong'ona, "Na mimi nina jipu, tena mahali pabaya."

Pimbi akaona wanachezea muda, na mwanawe anakohoa. Akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti: "Daktari, niandike mimi wa kwanza. Nina gesi! Nikila maharage hata mume wangu hulala nje!"

Loo! Walicheka mpaka Nyumbu akakaa chini. Baada ya hapo nani aone haya tena? Wakapanga foleni. Anayepimwa anapewa namba, anaondoka anaimba:

*Namba ninayo, jina sina!*

Haya, nanyi imbeni.

*Namba ninayo, jina sina!*

Pimbi ana mwandiko mdogo mzuri, akafanywa karani. Akaandika, akaandika. Mpaka jua linaegemea upande, wamefika tisini na tisa. Amebaki mmoja tu itimie mia, na hakuna mwingine ambaye hajapimwa.

Mara, nyata, nyata, nyata. Chui huyo! Foleni ikatawanyika, vumbi tupu.

"Na mimi najitolea," akasema Chui, jicho lote liko kwenye daftari. "Andika: mzima kama chuma. Nimemaliza."

"Hapa hatuandiki sifa," akasema Korongo. "Hapa tunapima." Akampima tumbo, kifua na miguu. Akamfungua kinywa, akakunja pua. Akapiga makofi karibu na sikio moja, akapiga na karibu na la pili. Akamuuliza analala wapi, analalia nini. Pimbi akaandika yote.

"Nikusomee ukurasa wako?" Korongo akauliza.

"Wa nini? Mimi sijijui?" Chui akatupa namba yake huko, akaenda zake.

Korongo naye akaaga. Anakwenda ziwani kumchukua mwenzake wamalize hesabu pamoja, atarudi baada ya siku tatu. Daftari akamwachia Pimbi.

Kesho yake mchana Siwema alikuwa amelala mlangoni, anaota jua. Pimbi yuko ndani, anamchemshia majani. Akasikia, "Mama!" Akatoka mbio. Masikini! Chui ameketi, na mtoto yuko katikati ya miguu yake miwili ya mbele.

"Habari za hapa, Mama Siwema."

"Nzuri, Bwana Mkubwa."

"Nimechoka kukimbiza swala. Mle daftarini mmeandika nani kilema, nani kiziwi, nani mnono. Nataka hilo. Lete daftari, au namla huyu."

Sasa fikirini. Akitoa daftari, amewauza wote waliomwamini. Akilificha, mtoto hana. Pimbi alisikia moyo unamuuma kweli. Akaingia ndani, akatoka na daftari.

Chui akalifungua. Akalitazama. Akalitazama tena, amelishika juu chini. "Mm," akasema. "Macho yangu yameingia vumbi. Nisomee wewe. Nataka mnono, asiyeweza kukimbia."

Hapo Pimbi akapumua. Kumbe bwana mkubwa hajui hata a!

Akafungua kurasa, cha, cha, cha, mpaka ule wa mwisho. "Namba mia," akasoma. "Mnono. Tumbo linaburuta kwenye nyasi."

"Enhe!"

"Meno matatu yameoza. Kinywa kinanuka."

"Enhe! Hataniuma huyo."

"Sikio la kushoto halisikii."

"Enhe!"

"Mguu wa nyuma umevimba. Akikimbia hatua kumi anakaa."

"Enhe! Ndiye huyu huyu!" Mate yanamdondoka Chui, to, to, to, juu ya Siwema. "Na kulala?"

"Akishiba analala mchana kutwa, anakoroma."

"Jamani, mtamu! Anakaa wapi?"

"Pango lililo juu ya kisima, mlango unatazama mashariki. Analala juu ya jiwe tupu."

Chui akaruka wima. "Lakini pale ni kwangu!"

"Mimi nasoma kilichoandikwa, Bwana Mkubwa."

"Ana ujeuri huyo! Mimi natoka kuwinda, yeye anaingia kwangu, analala kitandani kwangu, anakoroma! Leo atanijua!" Akamwacha mtoto, akaondoka mbio. Hatua kumi, akakaa. Akahema. Akainuka, mbio tena. Hatua kumi, akakaa.

Pimbi akamkumbatia bintiye. Siwema akasema, "Mama, lakini Daktari alikataza. Umemsomea ukurasa wa mtu."

"Nimemsomea wa kwake," Pimbi akajibu. "Na asingeukataa jana, angekuwa ameshausikia."

Huku nyuma Chui amefika pangoni. Hamna mtu. Akagusa jiwe alilolalia asubuhi, lina joto. "Ametoka sasa hivi!" Akanusa. Akakunja pua. "Ni yeye, kinywa kinanuka kweli." Akajibanza kwenye kona, akangoja.

Akangoja siku ya kwanza, hakutokea mtu. Akangoja siku ya pili, akapitiwa na usingizi. Khrrrr! Akashtuka. "Nimemsikia! Alikuwa anakoroma hapa hapa! Nimefumbua macho tu, kanyamaza!" Akatafuta chini ya jiwe. Akatafuta nyuma ya jiwe. Akaapa hatoki hata kwenda kula mpaka amkamate.

Siku hizo zote Majabalini walilala milango wazi.

Korongo akarudi na mwenzake. Wakaweka kurasa pamoja, wakalinganisha. Maji? Waliokohoa na wasiokohoa wanakunywa kisima kimoja. Chakula? Kila mtu na chake. Wakafika kwenye malazi. Tangu mvua zianze, watu wote tisini na tisa walikuwa wanatandika nyasi za bondeni, zimeota ukungu. Wakubwa vifua vinawabana, watoto wanakohoa. Ni mmoja tu kati ya mia asiyetandika nyasi, maana ni mvivu kwenda kuzikata, na kifua chake ni safi kabisa.

"Bila huyu nisingejua," akasema Korongo. "Zitupeni nyasi zote! Zichomeni!"

Wakazichoma. Siku ile ile Siwema, kho kho kho. Kesho yake, kho kho. Siku ya tatu, kho. Siku ya nne akaamka, akaomba uji. Pimbi akaukoroga huku analia.

Na asubuhi hiyo hiyo, nyata, nyata, nyata. Chui. Mbavu zote nje, ngozi imelegea. Safari hii hata hakumtazama Siwema, nguvu ya kuruka hana. Korongo alikuwepo, na aliyekwishapimwa akirudi anapimwa tena. Akampima, Pimbi akaandika.

"Mama Siwema," akasema Chui, sauti imekauka. "Yule mnono hakuja. Hebu nisomee habari zake tena."

Pimbi akafungua. "Namba mia. Wino haujakauka. Tumbo limeingia ndani. Mbavu zinahesabika. Amedhoofika, hajala siku nyingi."

Chui akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga.

"Masikini wa Mungu! Na mimi nilitaka kumla." Akajipangusa kwa mkono. "Ana mtoto huyo? Ana mke? Daktari, msimwache hivyo, mpeni chochote."

Korongo akamwekea bakuli la uji. "Mpelekee wewe. Mnakaa jirani."

Chui akalibeba mpaka pangoni kwake, taratibu asilimwage. Akaliweka juu ya jiwe, akaita, "Hodi, mgonjwa!" Kisha akajibanza nje kwa adabu, yule mwenzake asione haya kula.

Hadithi nimeitua, mgongo unauma. Funzo lake? Watoto wazuri, daktari akiwauliza, msiseme! Minyoo ficheni, majipu ficheni, kikohozi kimezeni. Mkifa mtakufa na siri zenu zote, hazijapungua hata moja, na majirani watawasifu sana kwa usiri.

Haya, nani kati yenu anakohoa huko nyuma?
*Si mimi!*