Gari Jepesi la Bwana Kirumbi

Nyamizi alikuwa akipepeta mchele bintiye alipoingia mbio. "Mama! Bwana Kirumbi amemfungia baba uani kwake! Hatoki mpaka kile kigari cha Kirumbi cha kwendea sokoni kilishinde gari la shemeji yake!"

Nyamizi aliweka ungo chini, akaenda.

"Huyu mumeo fundi gani?" Kirumbi alifoka. "Ati haiwezekani!"

"Mbaruku anajua injini, bwana mkubwa. Mizigo hajui. Punda hukimbia na magunia? Ng'oa viti."

Viti waling'oa, wakafuatisha milango, boneti na tairi la akiba. Kirumbi alikalia kiti kimoja hapo uani, akitoa amri.

"Na betri," alisema Nyamizi. "Nzito kama jiwe la kusagia."

"Gari litawakaje?"

"Litasukumwa. Wewe una kilo ngapi?"

"Mia na kumi."

"Basi huendeshi. Mbaruku hafiki hata sitini, aendeshe yeye. Ila msukumaji awe mwenye nguvu, sijui tumpate wapi."

"Mimi ni nani?" Kirumbi alikunja mikono ya kanzu, akafungua geti, akasukuma mpaka jasho likamtiririka. Gari lilinguruma, likateremka kama mshale.

"Linakwenda!" alishangilia.

"Ngoja nikaone litaishia wapi," alisema Nyamizi, akalifuata.

Jioni alipakua wali na maharage.

"Mama, Kirumbi bado amekaa kitini, analisubiri."

"Kesho tutamsukumia gari lake. Nawa mikono."

Akahesabu vichwa: watoto wanne, yeye, na Mbaruku. Wote sita walikuwapo.