Gari Lisiloguswa

Mtu mmoja alikuwa na mke na gari. Mke ametajwa kwanza kwa makusudi, maana ulifika mwaka ambao mtu huyo alisahau mpangilio huo. Jina lake Gwakisa, mfanyabiashara wa mchele katika mji wa Mbeya. Sokoni walimjua kwa jambo moja: hakununua mchele kwa macho. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akachota punje za chini kabisa na kuzifikicha kiganjani huku amefumba macho. Mchele wa juu ya gunia ni mapambo, ndivyo alivyozoea kusema, na wauzaji wajanja walikoma kumjaribu.

Mkewe aliitwa Sekela. Binti yao wa pekee, Tumpe, alikuwa amekwisha kuolewa na kuhamia Kyela, kwa hiyo wawili hao walibaki na nyumba yao, kuku wachache, na gari lenye rangi ya maziwa. Kila Jumamosi, soko likishatulia, waliliosha pamoja uani. Sekela alikuwa na kipande cha khanga kuukuu, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mbuzi, wala hakumruhusu mtu kukifanyia kazi nyingine. Yeye alishika upande wa kushoto, mumewe wa kulia, wakakutana kwenye boneti. Na kuna maneno ambayo watu waliooana hawawezi kuambiana wakiwa wameketi na kutazamana, lakini mikono ikiwa na kazi, maneno hayo hutoka yenyewe. Juu ya paa la gari lile waliongea habari za Tumpe, za uzee, na za mtoto waliyemzika zamani.

Jumamosi moja kitambaa kilimponyoka Sekela kikaanguka mchangani. Alikiokota, akakikung'uta kidogo, akaendelea kufuta. Chembe za mchanga zilikuwa zimebaki. Gwakisa alisikia sauti ya kukwaruza kabla hajaona, na alipofika mbele alikuta mkwaruzo uliopinda kama mundu katikati ya boneti. Aliinama juu ya boneti. Kwa mkewe hakuinama. Alisema mengi, na la mwisho likawa baya kuliko yote: asiguse tena kitu chake. Chake, alisema, na miaka yote walikuwa wakisema chetu. Sekela alikitundika kitambaa kwenye msumari wa jikoni, akaingia ndani huku mkono wake wa kulia ameuficha chini ya khanga.

Hasira ya Gwakisa ilikwisha kabla jua halijazama, lakini haya ilibaki, na haya ya mwanamume mzima ni mzigo ambao huuzungusha mji mzima akitafuta pa kuutua isipokuwa pale ulipotoka. Kuomba radhi kulimshinda. Badala yake alipata dawa nyingine. Kwenye barabara kuu palikuwa pamefunguliwa mashine mpya ya kuosha magari, nayo haikuwa na brashi wala kitambaa. Gari liliingia kwenye kibanda, likamwagiwa povu, likapigwa maji ya nguvu kutoka kila upande, likapulizwa upepo mpaka likakauka. Hapakuwa na mkono uliolifikia. Gwakisa aliketi ndani, vioo vimefungwa, akatazama povu likiteremka, akajiambia kwamba kisichogusa hakikwaruzi. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake ya Jumamosi, na alikwenda peke yake.

Nyumba nayo ilijifunza kwa ile mashine. Gwakisa hakupaza tena sauti. Aliposhiba alisema asante, na Sekela aliitikia vizuri. Walipishana mlangoni kwa adabu ya wageni waliofikia hoteli moja. Majirani waliwasifu, wakawaambia vijana wao, tazameni nyumba ile ilivyotulia. Wakati huo huo ugali wa Sekela ulikuwa umeanza kuwa laini, kama wa kupikia mgonjwa. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Fundo la khanga alilikaza kwa meno. Gwakisa aliyaona hayo yote. Lakini kuuliza nako ni kugusa, na yeye alikuwa ameapa kutokwaruza.

Tusiisingizie mashine. Haikuliachia gari lile mkwaruzo hata mmoja, na gari lenye rangi nzima, ambalo mwenyewe hulipaka nta, hutoka humo salama. Ila kwa kuwa haisugui, hutegemea sabuni kali na maji ya nguvu. Sabuni ile huondoa nta pamoja na matope. Maji yale hupiga palipo pazima na palipo na jeraha kwa nguvu ile ile, kwa sababu hayana namna ya kujua. Ukilitazama kwa mbali gari la Gwakisa lilikuwa likimeremeta, na kwa mbali ndiko alikolitazamia mwaka mzima.

Masika yalipokaribia kwisha, Sekela alisema anakwenda Kyela kwa Tumpe kupumzika kidogo. Gwakisa alisema ni vema, atampeleka stendi. Asubuhi ya safari alipita sebuleni, akaona begi la mkewe halijafungwa, na juu ya nguo ameikunja sare yake ya kwaya. Akasimama. Mtu anayekwenda kutembea hachukui sare ya kwaya. Sare huchukuliwa na mtu ambaye Jumapili nyingi zijazo ataimba kwingine. Lakini ulimi uliokwisha kuzoea asante na karibu haukupata neno lingine, akatoka uani kulitazama gari.

Pale, bila kukusudia, aliegemeza kiganja chake kwenye boneti. Alipokiondoa kilikuwa cheusi. Juu ya rangi yote ile iliyokuwa ikimeremeta palikuwa na utando mwembamba wa uchafu, ambao maji ya mwaka mzima yaliupitia bila kuuondoa. Alipitisha kidole mpaka kwenye ule mkwaruzo wa zamani. Ukingo wa rangi uliinuka chini ya ukucha wake kama ganda la kitunguu, na chini yake palikuwa na kutu, imekwisha kutambaa pande zote. Gwakisa alisimama na kile kipande cha rangi mkononi. Yeye ambaye hakununua hata kilo ya mchele bila kuzamisha mkono alikuwa ameishi mwaka mzima na mapambo ya juu ya gunia. Na aliogopa, kwa maana hakuwa akiliwazia gari tena.

Alikwenda jikoni. Kitambaa kilikuwa bado kwenye msumari, kimekakamaa kwa vumbi. Alikiloweka, akakifua, akakisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akajaza ndoo na kumwita mkewe kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia siku nyingi, akamwomba waoshe kwanza pamoja kabla ya safari. Sekela alitoka amekwisha vaa viatu vya kuendea Kyela. Aliitazama ndoo, akamtazama na yeye. Gwakisa alimnyooshea kitambaa, naye akasita, kisha akakipokea kwa mkono wa kulia. Kikaanguka mchangani.

Wote wawili walikitazama pale chini. Na Gwakisa, kwa mara ya kwanza, aliacha kukitazama kitambaa akautazama mkono.

"Hata siku ile kilianguka hivi hivi, Baba Tumpe," Sekela alisema. "Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi. Nikangoja uniulize."

Gwakisa alikunja mkono wa shati lake kama afanyavyo sokoni. Akauchukua mkono wa mkewe, akafumba macho, akaupapasa polepole kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole. Akapajua palipopoa. Akaikuta ile nyama iliyo chini ya kidole gumba, iliyokuwa nono siku za ujana wao, sasa imebonyea. Hapo machozi yalimshinda, na Sekela, aliyekuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho, aliegemeza paji la uso begani kwake. Walisimama hivyo mpaka kuku wakaanza kuipitapita miguu yao.

Stendi hawakwenda. Walikwenda hospitali, na gari lilikuwa chafu, upande mmoja limelowa na mwingine limekauka. Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na kwamba wangewahi ingekuwa kazi ndogo. Alipompasua na kufungua njia ya mshipa ule, nguvu ilirudi, si yote. Sekela akawa anaweza kushika mwiko, lakini kukamua nguo hakuweza tena. Sare ya kwaya ilirudi kabatini. Gwakisa alimwomba radhi kwa maneno kamili, akiitaja Jumamosi ile na neno lile, maana kosa lisilotajwa jina halisameheki vizuri.

Kutu ya boneti ilikwanguliwa mpaka bati likang'aa, likapakwa rangi upya. Rangi mpya haikulingana sawasawa na ya zamani, na mpaka leo kiraka kinaonekana. Gwakisa hakifichi. Jumamosi wanaosha pamoja: yeye anakamua, Sekela anafuta kwa mkono wa kushoto, na wakifika kwenye kiraka, wote wawili hupunguza mwendo. Mara nyingine mkwaruzo mdogo hutokea. Huuona siku ile ile, hupaka nta, kisha huendelea na mazungumzo yao.

Basi wewe unayejisifu kwamba nyumbani kwako hakuna ugomvi, mkono wa mwenzako uliushika lini mara ya mwisho, ukajua pale palipopoa?