Sultani Aliyetaka Kukaa Juu ya Tao

Palikuwa na Sultani mmoja, Darweshi wa Mwambani, aliyejipenda mpaka akiona maji ndooni husimama ajitazame. Akajenga jumba, mlangoni akaweka tao kubwa. Sasa tao likishapinda, juu yake, kulia na kushoto, hubaki pembe mbili tupu. Mimi chuoni sikufika mbali, lakini kwa habari za kuta hanipati mtu: pembe hizo ndizo humtoa fundi jasho.

Akaitwa Vuai, fundi wa nakshi, maskini wa mali, tajiri wa ulimi.

"Pembe hizi unichonge mimi," Sultani akasema. "Sura yangu, huku na huku."

Kadhi akaruka barazani. "We Vuai! Mji huu hatuchongi chenye roho. Ukichonga uso, patasi zako nazivunja, na kazi huifanyi tena!"

"Na asipochonga," akasema Sultani, "anahama mji."

Mtauliza, mbona kadhi hakumkaripia Sultani? Aka! Pilau alikuwa akila wapi?

Basi Vuai akichonga hana kazi, asipochonga hana kwao. Akakuna kichwa.

"Nitachonga, maulana. Ila asinichungulie mtu."

Akatundika majamvi, akagonga weee, hata akamaliza. Siku ya kufunua, mji mzima ukajaa mlangoni. Majamvi yakashuka. Pembe zote mbili ni maua na majani matupu, yamesokotana hadi kwenye mpindo wa tao.

Kadhi akatafuta jicho, akatafuta pua, akatafuta hata sikio. "Sioni kosa," akasema, kwa masikitiko.

"Na mimi sijioni!" Sultani akafoka. "Niko wapi?"

"Umo, maulana. Nyuma ya maua."

"Na pembe ile?"

"Umo vilevile. Mtu kama wewe anatosha pembe moja?"

Sultani akataka kutabasamu, akakumbuka kuwa amekasirika. "Nimejenga jumba nikajifiche vichakani kama kicheche? Panda! Yatoe maua yote, mji mzima unione!"

Vuai akapanda ngazi. Akaweka patasi juu ya ua la kwanza, akainua nyundo. Kisha akageuka, akautazama umati, wake kwa waume.

"Nayatoa, maulana. Ila waambie hawa wageuke kwanza. Nimekuchonga unaoga."