Kopo la Waziri Fisi

Enzi zile Bunge lilikuwa la wanyama, na binadamu alikuwa bado anajificha vichakani akiuliza kikao kinaanza saa ngapi. Basi mvua iligoma kunyesha katika mbuga ya Kizangaze misimu miwili mfululizo. Majani yakakauka, mto ukabaki mchanga, hata Kiboko akawa anaoga vumbi kama kuku. Chakula cha kununua kilibaki mahali pamoja tu: duka la mtama la Fisi.

Na Fisi huyo huyo ndiye alikuwa Waziri wa Biashara. Usiulize uwaziri aliupataje. Aliomba, akaomba tena, akamlamba Simba viatu ingawa Simba hana viatu. Simba naye alikuwa Spika, kwa sababu ndiye mwenye sauti ya kuwanyamazisha wengine, na kwa sababu alijipigia kura mwenyewe akajihesabia mwenyewe.

Kambi ya upinzani ilikuwa na wabunge watatu na nusu. Hiyo nusu ni Panya, aliyesinzia tangu siku ya kiapo. Msemaji wao wa mambo ya biashara na walaji alikuwa Sungura: masikio mawili marefu, na mdomo mrefu kuliko masikio.

Asubuhi moja Mama Kanga alimfuata nyumbani kwake, vifaranga tisa wakimwandama nyuma.

"Shikamoo, mama," Sungura akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ila sikuja kusalimiwa. Zamani makopo manne ya mtama yalinifikisha Ijumaa. Sasa nanunua manne yale yale, na Jumatano wanangu wanadonoa kokoto."

"Labda wanakula sana."

"Wanakula sana nini? Hebu itazame miguu yao! Kopo la Fisi lina kitu, nakwambia."

Sungura akapiga kifua. "Mama, umefika penyewe. Kesho nikisimama bungeni, Fisi atautafuta mlango asiuone."

"Chunguza kwanza, baba, ndipo useme."

"Mama, mimi nikisema, huo ndio uchunguzi wenyewe!"

Mama Kanga alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, akaondoka na wanawe.

Kesho yake Sungura alisimama na tai yake ya majani makavu, akakohoa kikohozi cha wakubwa.

"Mheshimiwa Spika, nasimama kwa niaba ya walaji wote wa mbuga hii, wenye meno na wenye midomo. Kopo la Waziri wa Biashara linaiba! Kwa nje ni kopo, kwa ndani ni kijiko!"

Upinzani wakagonga meza. Panya naye aligonga, kwa kichwa, maana usingizi ulimzidi.

Fisi akaruka. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Huyu ana ushahidi, au ana masikio tu?"

Simba akazitikisa nywele za shingoni. Alipenda mno kuzitikisa. Siku nyingine alikuwa anaahirisha hoja ili apate nafasi ya kuzitikisa. "Mheshimiwa Sungura, weka ushahidi mezani."

"Mheshimiwa Spika, ushahidi... upo njiani."

"Unakuja kwa miguu?"

Bunge zima likaangua kicheko. Simba hakucheka. "Nakupa siku tatu. Usipouweka mezani, utafuta kauli yako, na kiti chako atakikalia Nguchiro."

Nguchiro, aliyekuwa juu kwenye viti vya wageni, akaanza kukipima kile kiti kwa macho.

"Na mimi kama Waziri," Fisi akaongeza, akijilamba, "natangaza kuwa Kanga na vifaranga wake hawatauziwa hata punje mpaka jambo hili liishe. Wao ndio wanaosambaza uzushi sokoni."

Hapo ndipo mdomo wa Sungura ulipokuwa mfupi. Kupoteza kiti, sawa, angekwenda kulima. Lakini vifaranga tisa siku tatu bila mtama? Alipotoka nje alimkuta Mama Kanga amesimama langoni. Hakumtukana wala hakulia. Alisema tu, "Nilikwambia uchunguze." Maneno mawili, na yalimwingia kuliko kicheko cha Bunge zima.

Siku ya kwanza Sungura alikwenda dukani. Kopo lilikuwa limefungwa kwa kamba kiunoni mwa Fisi, anatembea nalo, anakula nalo, na mkewe alisema hata kuoga anaoga nalo.

"Hebu nilione kwa ndani, Mheshimiwa Waziri," Sungura akasema, mkono ukinyemelea.

"Toa mkono mchafu huo! Mimi nalinda afya ya mlaji!"

"Basi niinamie tu, nichungulie."

"Chungulia pua yako."

Sungura alichungulia kwa mbali hata hivyo. Aliona giza, na kitako cheusi kama cha kopo lingine lolote. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akachimbua mzizi wake wa mwisho wa muhogo akawapelekea vifaranga. Waliumaliza kabla hajafunga mlango.

Siku ya pili alikwenda kwa Mzee Kobe, Katibu wa Bunge, mnyama pekee aliyezijua kanuni zote kwa moyo. Shida ni kwamba alizisema kwa mwendo wake. Sungura alikaa pale tangu jua linachomoza.

"Kanuni... ya... arobaini," Kobe akasema mchana. "Kitu... kikishawekwa... mezani... ni mali ya Bunge... mpaka kikao kifungwe. Mwenyewe... hakigusi."

"Hata akiwa Waziri?"

"Hata... akiwa... Waziri..."

"Mzee, nimekuelewa, asante!"

"...na hata... mama yake," Kobe akamalizia, Sungura akiwa ameshafika mtoni.

Sungura alikimbia akifikiri, na ndivyo afikirivyo vizuri. Kulitoa kopo mkononi mwa Fisi kulikuwa shida ya kwanza. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Simba alikuwa na ghala lake. Njaa ya Kanga kwake ilikuwa habari ya kusomewa. Hata kopo likifika mezani, angelitazama kwa mbali, aseme zuri, aendelee na nywele zake. Ilibidi Simba aumie mahali anapoumia yeye, na hapo palikuwa mahali pamoja tu: kwenye posho.

Kila mbunge wa Kizangaze alilipwa posho ya mtama kila kikao, kwa kopo la ghala la Bunge. Mbunge wa kawaida makopo kumi, Spika ishirini. Simba alikuwa na mfuko wa ngozi ulioshonwa uenee makopo ishirini sawasawa, na kila kikao kikiisha alipita nao sokoni, umejaa mpaka shingoni, ili kila mmoja aone ukubwa wa Spika.

Siku ya tatu ikafika. Nguchiro alikuja na mto wa kukalia.

"Mheshimiwa Sungura," Simba akanguruma, "ushahidi."

Sungura akasimama, masikio yamelala kama ya mnyama aliyelowa. "Mheshimiwa Spika, nimechunguza, na leo nimekuja na hoja. Kopo la Waziri ni kopo bora. Naliomba Bunge lilitangaze kuwa kipimo rasmi cha mbuga nzima."

Upinzani wakapigwa na butwaa. Digidigi, mwenzake wa upinzani, akamvuta mkia: "Umeuzwa shilingi ngapi, wewe?" Sungura akamkanyaga mguu.

"Na tena, Mheshimiwa Spika, kwa nini posho yetu itoke kwenye ghala la Bunge lenye wadudu? Inunuliwe kwa Waziri, kuanzia leo, hapa hapa, kwa kopo lake lile lile tunalolisifu."

Fisi alimeza mate, ukasikika mlio. Kulisha Bunge zima! Akili yake ikaanza kula mtama ambao bado haujapimwa. Kuna sauti ndogo ilimwambia angoje kidogo, lakini tumbo la Fisi halijawahi kungoja.

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja asilimia mia kwa mia! Mdogo wangu Sungura amekua!" Akafungua kamba kiunoni, akatembea kwa maringo mpaka mbele, akalisimamisha kopo katikati ya meza. "Hili hapa. Wananchi walione!"

"Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Digidigi alitaka kufungua mdomo, akakanyagwa tena.

"Waliosema ndiyo wameshinda. Aanze Spika."

Magunia yakaletwa kutoka dukani. Fisi akanyoosha mkono alichukue kopo lake, Kobe akalifunika kwa gamba lake.

"Kanuni... ya... arobaini."

"Mzee, lipe huku, nikalipanguse kidogo!"

"Haliguswi... na mwenyewe. Atapima... Tembo."

Fisi akacheka kile kicheko chake. Tembo akapima kwa mkonga, taratibu, kila kopo limejaa na kichuguu juu. Bunge likahesabu kwa sauti. Kumi na nane! Kumi na tisa! Ishirini!

Mfuko wa Spika ukajikunja katikati kama mzee mwenye kiuno kibovu. Ulijaa nusu na kidogo.

Simba akautikisa. Akauinua. Akageuka kuutazama kwa upande, kisha kwa nyuma.

"Mfuko wangu umeongezeka?"

"Hapana, Mheshimiwa Spika," Sungura akasema, masikio sasa yamesimama wima. "Mfuko ni ule ule. Hivyo ndivyo anavyorudi nyumbani Mama Kanga. Tofauti ni kwamba yeye akipita sokoni hakuna anayemtazama."

Simba akateremka kitini. Akaingiza mkono ndani ya kopo, ukaishia kwenye kifundo. Akauweka mkono ule ule kando ya kopo kwa nje, ukafika karibu na kiwiko. Akaingiza tena. Akatoa tena. Kisha akaligeuza kopo akalipiga kofi moja la Kisimba, na kikadondoka kitu kizito mezani, pu! Kitako cha pili, cha nta na udongo, kimepakwa masizi, kinene kama maandazi matatu yamebebana.

"Huo... ni ushahidi," Kobe akasema, "na upo... mezani."

"Mheshimiwa Spika, nilipewa taarifa potofu na fundi!" Fisi akapiga kelele.

"Fundi gani?"

"Fundi... yupo njiani!"

Hata Panya aliamka kucheka. Uwaziri wa Fisi uliisha kabla kicheko hakijaisha. Bunge likaamua kwamba kila aliyenunua mtama dukani msimu ule arudi apimiwe kilichopungua, bure, kwa kopo lililong'olewa kitako cha uongo, mpaka ghala la Fisi libaki na mwangwi. Naye Fisi abebe magunia mgongoni, ndiyo maana mgongo wake umeteremka hivyo nyuma. Nguchiro akarudi nyumbani na mto wake.

"Na wewe mwenye mdomo," Simba akamwambia Sungura, akijaribu kurudisha heshima yake, "ndiwe utakayepima."

Sokoni, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Kanga. Sungura akajifuta mikono, akatabasamu mpaka kwenye masikio, tayari kushukuriwa mbele za watu. Mama Kanga hakusema asante. Alipanda juu ya gunia, akainama, akaingiza shingo yote ndani ya kopo, akadonoa kitako: ngo, ngo, ngo.

"Mama! Unatafuta nini humo?"

"Nakagua."

"Hata mimi huniamini? Mimi niliyepigana kwa ajili yako?"

"Wewe nakuamini, mwanangu," sauti yake ikatoka ndani ya kopo. "Kopo ndilo nalikagua."

Sungura alinuna kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Kisha akacheka, akalishika kopo vizuri ili Mama Kanga aone vyema, na nyuma yake foleni nzima, kuanzia Digidigi mpaka Tembo, wakaanza kunyoosha shingo wakisubiri zamu yao ya kukagua. Basi nawe ukienda dukani, ingiza mkono kwenye kipimo kabla hujafungua mfuko. Muuzaji wa haki atakungoja umalize, na anayenuna ameshakujibu.